Mkono Uliobaki Pichani

Jumapili iliyopita niliwaacha nikiwa ndani ya kabati la nguo la watu, nimekumbatia viatu vya mwenye nyumba, pua imejaa harufu ya dawa ya nondo. Nilikuwa nimeingia humo kwa shughuli zangu za kawaida, yaani kumtilia Baba Mtarajiwa unga wa ngano ndani ya soksi. Nikatoka nimebeba mambo ambayo mtoto wa watu hakupaswa kuyasikia.

Kwa msomaji aliyekuwa na kazi nyingine wiki ile, nafupisha. Mama yetu alipofariki tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Ana miaka sita na anaitwa Bosi, kwa sababu anazozijua kila mtu aliyewahi kukaa naye chumba kimoja. Tukapelekwa makao ya watoto. Mimi nilikuwa mtu wa likizo tu pale, kwa kuwa kuna mfadhili ananisomesha shule ya bweni. Kisha wakajitokeza mume na mke, wapiga picha, studio mbele na nyumba nyuma, wakasema wanataka kutuasili. Sheria ikawaambia sawa, lakini kwanza tuishi nao kwa majaribio, afisa ustawi awe anakuja kutuangalia, na mwisho hakimu ataamua.

Humo kabatini ndimo nilimomsikia Mama Mtarajiwa akisema, "Mimi namtaka mdogo. Hili jitu zima la bweni nitalipeleka wapi?"

Mumewe akamjibu kwa upole wake ule ule. "Tukimkataa waziwazi tunanyimwa wote wawili. Ndugu hawatenganishwi mpaka ionekane mkubwa anamdhuru mdogo. Wewe tulia. Mwenyewe anatusaidia."

Nilikuwa nawasaidia! Chumvi kwenye kopo la sukari, masharubu niliyowachorea wateja kwenye picha zao za vitambulisho, chura kwenye begi la kamera. Hakunikaripia hata siku moja. Alikuwa anacheka, "Watoto wa bweni nyie!" kisha anasema, "Subiri, usisogee," na kamera inalia chwak.

Nilidhani nimepata baba mwenye ucheshi. Kumbe nimepata mpelelezi. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa namwekea pozi.

Basi nikaokoka. Sikuokoka kwa mahubiri, niliokoka kwa woga.

Asubuhi iliyofuata nilijipanga mlangoni kwao, shati limechomekwa. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nimefua mapazia."

"Umefua nini?" Mama Mtarajiwa akakaa kitandani.

"Mapazia. Yalikuwa na vumbi. Na viatu vya baba nimevipiga rangi."

Baba Mtarajiwa akaingiza kidole kwenye kiatu, taratibu, kama daktari. Akakitoa. Akakinusa.

"Hakuna kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Hakuna, baba."

"Unaumwa?"

"Nimekua tu, baba."

Walitazamana. Afisa ustawi alikuwa anakuja Alhamisi, na kijana wao mtundu alikuwa amekufa, amefufuka malaika.

Hata Bosi hakupenda. Alinifuata uani nikianika mashuka, mikono kiunoni. "Kaka, leo unachosha. Fanya kitu."

"Nafanya kazi."

"Hicho si kitu."

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo wenzangu wa bweni wakilisoma itabidi nihame shule. Mimi najua kusuka. Mama yetu alipoanza kuumwa, mikono yake ilikuwa inachoka kabla hajafika utosini kwa Bosi, akanifundisha mimi. Alikuwa analala ubavu kitandani, ananielekeza kwa kidevu. "Vuta taratibu, mwanangu. Hicho ni kichwa, si gunia." Tangu hapo kichwa cha Bosi ni changu. Nikiwa likizo namsuka kila wiki, namfunga shanga nyekundu kwenye ncha.

Wiki ya kwanza pale studio, Mama Mtarajiwa alileta kitana chake kizuri, akakaa, akatandaza kanga magotini. "Njoo, mwanangu, nikusuke."

Bosi hata hakugeuka. "Kaka ndiye anayejua."

Tangu siku ile, kila nikimsuka, mwanamke yule alikuwa anasimama mlangoni na kitana mkononi anatuangalia. Na mimi, kwa mdomo wangu usio na breki, kila Bosi alipofurukuta nilimwambia neno lile lile: "Tulia, la sivyo nazikata zote nazijaza kwenye mto wangu."

Bosi alicheka kila mara. Wa mlangoni hakucheka hata mara moja.

Siku moja kabla ya afisa kuja, baada ya chakula cha mchana, Mama Mtarajiwa aliniita. "Mwanangu, nenda kaniletee karatasi za picha dukani, kule ng'ambo ya soko."

Mwanangu! Mimi! Neno lile sikuwahi kupewa ndani ya nyumba ile. Nilitoka mbio kama mtu aliyetangazwa mshindi.

Bosi nilimwacha kwenye kochi, analazwa kwa nguvu. Bosi halali mchana. Anajifanya amelala, na ni mimi niliyemfundisha, kwa elimu ya bweni niliyoipata chini ya tochi ya mlezi wetu: mdomo wazi kidogo, pumzi ndefu, na kope zisikazwe. Wanafunzi wengi wanafeli kwenye kope. Bosi hakuwahi kufeli.

Niliporudi na karatasi zangu kwapani, nilimkuta ameketi kwenye kigoda cha studio, pale wanapokalishwa maharusi. Kichwa kilikuwa kimebaki visiki. Huku kirefu, huku kifupi, pembeni ya sikio kumebaki msuko mmoja umening'inia kwa uzi.

Hakuwa analia. Aliyekuwa analia ni Mama Mtarajiwa.

"Kwa nini?" akanililia. "Tumekukosea nini? Kwa nini mtoto?"

"Kwa nini nini?"

Baba Mtarajiwa akaja na mto wangu, akaukung'uta juu ya sakafu. Misuko ikamwagika, na shanga zake nyekundu, zikatawanyika tik tik tik mpaka chini ya meza. Baada yake ukaanguka mkasi.

"Si mimi! Bosi, waambie. Mimi nilitumwa. Waambie si mimi!"

Bosi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Ni kaka," akasema.

"Bosi!"

"Ni kaka. Alisema atazijaza kwenye mto."

Chwak, ikalia kamera. Nadhani ile ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote. Mdomo wazi kabisa.

Afisa ustawi alifika kesho yake asubuhi. Mwanamke wa makamo, begi kubwa begani, viatu vilivyoshonwa upya pembeni. Kwenda sebuleni ni lazima upitie studio, kwa hiyo alianza kusimama nje, dirishani, mahali Baba Mtarajiwa anapotundika kazi zake bora. Wahitimu, maharusi, vichanga kwenye vikapu. Alisimama muda mrefu kuliko mtu anayetazama maharusi.

"Soda, mama?" Mama Mtarajiwa akamkaribisha.

"Ahsante, nikiwa kazini sinywi cha mwenye nyumba."

"Basi tukupige picha moja, ukumbusho," akaingilia mumewe. "Bure kabisa."

"Bure zenu zinaniponza mwisho wa mwezi. Nionyesheni mlichonipigia simu jana."

Wakamwonyesha. Walitandaza uovu wangu mezani, picha moja moja, ya chura hadi ya misuko sakafuni. Nilisimama kando nikiutazama. Ulikuwa umepigwa vizuri, kwa mwanga mzuri, na katika kila picha mimi mhusika nilikuwa natabasamu, isipokuwa ya mwisho.

"Tulimpenda sana," alisema Baba Mtarajiwa. "Tulitaka wote wawili. Lakini leo nywele, kesho je? Mkasi ungeteleza kidogo tu..." Akashindwa kumalizia. Alishindwa kwa ufundi mkubwa.

"Nimesikia. Sasa nitaongea na mtoto, peke yake. Mlango nitafunga."

Alifunga. Sisi watatu tukabaki sebuleni kama abiria wa magari tofauti. Walipotoka, Bosi alikuwa amefungwa kitambaa kichwani na hakunitazama. Afisa alikuwa na uso ule wa walimu wanapokuwa wamesahihisha mtihani na hawataki kukwambia.

"Kijana, zamu yako. Tukae studio."

Alikaa kwenye kigoda cha maharusi. Nyuma yake ilining'inia turubai ya Baba Mtarajiwa, imechorwa maporomoko ya maji na ndege wawili wanene. Katika mazingira hayo ya fungate, nikaanza kuhojiwa.

"Hesabu unazijua?"

"Wastani, madam."

"Ile picha ya katikati, dirishani. Hebu nihesabie. Mama wa humu ana mikono mingapi?"

Nikasogea. Kila siku napita pale na sikuwa nimeitazama. Ilikuwa picha ya familia tuliyopiga wiki ya pili, kamera ikijipiga yenyewe. Mama Mtarajiwa amekaa, Bosi yuko mapajani, Baba Mtarajiwa amesimama nyuma na mikono mfukoni. Watu watatu. Familia safi.

"Mmoja umeshika kiuno cha Bosi," nikasema. "Wa pili uko gotini kwake. Wa..."

"Endelea."

"Wa tatu uko begani kwa Bosi."

"Huo wa tatu ni wa nani?"

Kwenye kifundo cha mkono ule kulikuwa na uzi wa bluu umefungwa mara mbili. Niliunyoosha mkono wangu, nikauweka mbele yake. Uzi wa bluu, mara mbili.

"Mkipiga picha huwa unasimama wapi?"

"Pembeni. Baba anasema mrefu husimama pembeni."

"Picha hii tu?"

"Zote."

Ndipo nikaelewa, na nilielewa polepole, kama maji baridi yanavyoshuka mgongoni. "Sogea kidogo, mkubwa. Tena kidogo. Hapo hapo, usimkaribie sana." Mtu yule tangu siku ya kwanza alikuwa ananipanga mahali pa kunikata. Kosa langu lilikuwa moja: dakika ya mwisho nilinyoosha mkono nikamshika mdogo wangu bega. Angeukata mkono ule angemkata Bosi. Na kwa kuwa picha ilikuwa nzuri, na yeye ni fundi, na fundi hawezi kuona kazi yake nzuri ikilala kwenye droo, akaitundika dirishani hivyo hivyo.

"Mtu anayetaka watoto wawili hafanyi hivyo," alisema afisa. "Lakini huo ni uchoyo, na mimi siwezi kumnyang'anya mtu mtoto kwa uchoyo. Kumkata mtoto nywele na kumsingizia mwingine, hilo naweza. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Nywele ulikata wewe?"

Ndugu zangu, nilikuwa na jibu mdomoni tangu jana. Nilikuwa nalilamba.

Lakini bweni limenifundisha kuuliza adhabu kabla ya kujibu.

"Nikisema si mimi itakuwaje, madam?"

"Jibu halipimwi hivyo. Sema kweli."

"Wote tunabaki au wote tunaondoka?"

Alinitazama, akaifunika kalamu yake. "Kwa umri wako sheria inataka ridhaa yako, na huwezi kuridhia usichoelezwa. Haya. Kama si wewe, basi ni wao. Naandika hawafai, na leo hii naondoka nanyi wote wawili. Yeye anarudi makao."

"Na mimi?"

"Wewe umeshapita umri wa pale. Nafasi yako walishampa mwingine. Likizo zako zitakuwa kituo cha wavulana wakubwa."

"Mbali?"

"Mbali."

"Bosi atapata watu wengine?"

Hapo alichelewa kidogo. Niliipenda heshima yake ya kuchelewa. "Wengi wanaoomba wanataka vichanga. Sitakudanganya."

"Na kama ni mimi?"

"Yeye anabaki hapa. Wewe unaondoka peke yako, na hutamwona mpaka hakimu aruhusu."

Yaani njia zote mbili zilikuwa zinafika mahali pamoja. Mimi nje. Tofauti ilikuwa kitanda cha Bosi tu.

Kule makao Bosi alikuwa anakojoa kitandani, na mlezi alikuwa anaanika godoro mbele ya dirisha la chumba cha kulia ili wenzake waone. Tangu tufike studio hajakojoa hata mara moja. Mama Mtarajiwa anampulizia chai mpaka ipoe. Anaamka Bosi akikohoa tu. Mwanamke yule alikuwa ananichukia mimi kwa moyo wote, na kumpenda Bosi kwa moyo huo huo, na sikuweza kuung'oa mmoja nikaacha mwingine.

"Ni mimi," nikasema.

Afisa hakuandika. "Kwa nini?"

"Utani, madam."

"Umecheka?"

"Bado."

"Mkasi ulitoa wapi?"

"Jikoni." Nilibahatisha.

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Amelala. Alikuwa amelala kabisa, madam, hajui kitu. Na hawa wazazi hawana kosa. Ni wema sana. Naomba uandike hivyo, kwamba ni wema sana."

Maisha yangu yote nimedanganya walimu, walezi na wapishi, na sijawahi kudanganya vibaya kama nilivyodanganya asubuhi ile. Hata ndege wawili wa kwenye turubai hawakuniamini.

Na maporomoko ya maji yakatikisika.

"Mwongo!"

Bosi akatokea chini ya turubai, alikojipenyeza tulipokuwa dirishani, kwa magoti, kitambaa kimemshuka machoni. Akasimama, akajikung'uta, akanielekezea kidole.

"Mwongo wewe! Hukukata wewe! Mimi sikuwa nimelala, nilijifanya. Mdomo wazi, pumzi ndefu!"

Afisa akateremka kigodani, akachutama mpaka wakalingana kimo. "Nani alikata?"

"Mama."

"Mbona kule chumbani uliniambia ni kaka?"

"Nilifungua macho, akaniona. Akalia. Akasema wewe ukijua ni yeye utatuchukua wote, halafu kaka atapelekwa mbali. Nikisema ni kaka, atagombezwa tu. Atagombezwa halafu atakaa." Pumzi ikamwishia, akavuta nyingine. "Kaka anagombezwaga kila siku. Haumii."

Mlango wa sebuleni ulikuwa umefunguka. Mama Mtarajiwa alikuwa amesimama pale, sinia mikononi, kikombe cha Bosi juu yake, kinatoa mvuke. Mumewe alikuwa nyuma yake, kamera shingoni. Kwa mara ya kwanza haikulia.

"Mwanangu," Mama Mtarajiwa akaita, na sauti ilikuwa nyembamba sana. "Njoo unywe chai, imepoa."

Haikuwa imepoa.

"Asiitwe," afisa akasema bila kugeuka. "Mtu yeyote asimwite huyu mtoto."

Bosi hakwenda kwa mtu. Alisimama katikati ya studio, juu ya alama ya utepe wa gundi ambayo Baba Mtarajiwa aliibandika sakafuni ili watu wajue pa kusimama. Mkono mmoja ulikuwa unapapasa kichwani, unatafuta kitu cha kushika, haukipati. Alikuwa ananitazama mimi. Bosi hana haraka akifikiri, na akifikiri anafika.

"Kaka. Mimi nilisema ni wewe ili ukae."

"Najua."

"Wewe ulisema ni wewe ili nini?"

Nimewahi kumjibu mwalimu mkuu mbele ya shule nzima. Nimewahi kumjibu askari. Nikatafuta utani mmoja, mdogo tu, wowote. Afisa alikuwa ameshafunua kalamu yake, hakumtazama Bosi tena, alinitazama mimi.

Mkono wa Bosi ukashuka kutoka kichwani.

"Ulitaka kuniacha?" akauliza.